Filamu Isiyo na Damu

Lozells, Birmingham
6 Novemba 1973

Baba Edah,

Barua yako ya Septemba ilifika, na maneno ya mama yako kuhusu mguu wake nimeyasoma. Mwambie aache kuukanda kwa mafuta ya taa. Nitamtumia dawa ya kupaka.

Sisi tuko salama. Nimehamishiwa wodi ya wazee wanaume, kazi ya kuinua na kugeuza watu mchana kutwa, na mgongo unanikumbusha kila nikiinama kuvua viatu. Edah anasoma haraka kuliko mimi sasa. Namsemesha Kiswahili, ananijibu Kiingereza, tena Kiingereza cha mtaa huu, mpaka mimi ndiye ninayeuliza maana.

Wiki iliyopita shuleni kwao walifanya sherehe ya Halloween. Ni siku ya mwisho ya Oktoba. Watoto huvaa kama mizimu na wachawi, huchonga kiazi kikubwa sura ya mtu, na huonyeshwa filamu ya kutisha kidogo. Edah alipata zawadi ya kwanza ya mavazi. Picha iliyomo humu ameitia mwenyewe kwenye bahasha. Mimi nisingeituma.

Naishia hapa, nakaribia kuingia kazini.

Mkeo,
Magdalene


Kakamega
2 Desemba 1973

Mama Edah,

Leo nimeitoa picha ile mfukoni na kuirudisha hata sijui mara ngapi. Amekua. Amesimama katikati ya Wazungu wadogo, mikono kiunoni, sketi ya majani, mkufu wa meno, mfupa kwenye nywele, anacheka mpaka pengo la jino linaonekana. Unajua hofu yangu tangu ulipokuja kumchukua miaka miwili iliyopita: kwamba huko atafundishwa kuona haya kwao. Kumbe shule yenyewe inamvalisha ngoma na kumpa zawadi. Mama ameuliza ni ngoma ya nani, kwa sababu sisi Wamaragoli hatuvai mfupa kichwani. Nikamwambia labda ni ya kwenu Taita. Umefanya vizuri kumshonea.

Kazi ni ile ile. Tumelizungusha gari la sinema Busia na Bungoma na filamu ya serikali ya majosho ya ng'ombe. Picha ya Edah nimeibandika ndani ya gari, juu ya kioo cha dereva. Tukifika sokoni, kabla hatujatundika kitambaa cha sinema, watu huuliza huyu nani. Nawaambia ni binti yangu, yuko Ulaya, na amewashinda wote.

Mumeo,
Bethuel


Lozells
20 Januari 1974

Bethuel,

Itoe hiyo picha kwenye gari. Itoe kabla hujamaliza kusoma barua hii, kisha rudi umalizie.

Mimi sikushona kitu. Na ile si ngoma ya Taita wala ya mtu yeyote aliyewahi kuzaliwa. Nilikuficha kwa kuwa niliona haya, na sasa naona haya mara mbili.

Siku moja kabla ya sherehe darasa lao lilionyeshwa filamu. Wazungu wawili, mmoja mnene na mmoja mwembamba, wanapeleka piano katikati ya msitu kwa chifu wa Kiafrika. Watu wa chifu wana mifupa puani. Wanatoa macho, wanabweka, wanaruka kama wamekanyaga siafu. Chifu haitaki piano, anawataka wapelekaji. Anambinya yule mnene tumboni kama mtu anayechagua papai, mate yanamdondoka kidevuni mpaka kifuani, na kamera inayasogelea yale mate ili mtoto wa nyuma kabisa naye ayaone. Halafu wanawasha moto chini ya piano. Filamu nzima ndiyo hiyo. Nimeelezwa na mama wa mtoto mwingine huku akicheka, akifuta machozi.

Kesho yake walimvika Edah kuwa mla watu. Watoto wengine wawili walikuwa wala watu pia, wakapakwa usoni masizi ya kizibo kilichochomwa. Nilipofika kumchukua, mwalimu wake alinikuta mlangoni, akaniambia Edah alifaa kabisa, hata masizi hakuhitaji. Aliniambia kwa wema, kama mtu anayenisifia upishi wangu. Nami nilisema asante. Wakanipa chai, nikanywa kikombe kizima, na keki nikala. Kuna wagonjwa wodini ninaowasafisha kila asubuhi bila hata kukunja pua, lakini keki ile ilinirudi nilipofika nyumbani, nikaitapika kwenye sinki huku Edah akiniuliza kutoka chumbani kama zawadi yake aiweke juu ya kabati au dirishani.

Basi. Sasa shule ina kamati ya wazazi ya kuandaa sherehe ya mwaka huu, na mwenyekiti wake, Bi. Prosser, anatafuta mzazi wa kusaidia kuchagua filamu zinazotisha kidogo tu, za kumfaa mtoto wa miaka minane au tisa. Nimejiandikisha. Wewe ndiye mtu wa filamu katika nyumba hii. Nieleze: mtoto wa umri huo anatishwa na nini, na anaweza kuona nini asiharibike?

Magdalene


Kakamega
3 Machi 1974

Mama Edah,

Picha nimeitoa.

Umeniuliza jambo ninalolijua, nami najibu kama fundi. Katika miaka tisa ya kazi hii nimeona watoto wakikimbia kitambaa mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa filamu ya maji safi, mlango wa choo ulipofunguka polepole bila mtu. Mara ya pili nilisahau kupunguza sauti, gari la moshi likapiga honi. Mzimu hawaukimbii. Mzimu ukishaonekana, baada ya dakika moja wameshauzoea na wanauchagulia jina. Kwa hiyo angalieni milango na sauti kuliko sura. Isizidi nusu saa. Kabla hamjaikubali, tazameni dakika tano za mwisho, maana hizo ndizo mtoto anazokwenda nazo kitandani. Nyumba iwe ya kutisha, lakini mwenye nyumba awe mtu mwema. Na siku yenyewe usikae kuangalia kitambaa. Kaa pembeni uwaangalie watoto.

Lakini hiyo ya piano, nisamehe, nimecheka nikisoma. Si ndiyo ile tuliyoiona Kisumu, Krismasi ya 1961? Ulikuwa umevaa gauni la njano, dada yako ameketi katikati yetu kama polisi. Chifu alipombinya yule mnene tumbo, ulicheka mpaka ukamwinamia dada yako na mkono wako ukaniangukia begani. Tulipotoka ulimwigiza yule chifu njia nzima, mpaka mlangoni kwa baba yako kwenye landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli. Siku ile ndiyo niliyoamua kutuma wazee kwenu.

Ni mchezo tu, Mama Edah. Usiubebe moyoni.

Mumeo,
Bethuel


Winson Green, Birmingham
29 Septemba 1974

Kwa Bwana Bethuel,

Mimi ni Kewal Singh. Wewe hunijui. Mimi labda nakujua, lakini kwa kisogo. Miaka kumi na moja nilikuwa fundi wa mashine katika sinema moja ya Kisumu, na fundi wa mashine anaona watu kwa nyuma tu. Nilikuja huku mwaka wa sitini na nane. Siku za kazi niko kiwandani, tunayeyusha chuma. Jumamosi naendesha mashine ya filamu kwenye kumbi za makanisa. Hapo ndipo nilipokutana na mke wako. Nilisikia mtu anamwambia mtoto "vaa koti lako" kwa Kiswahili, nikaangusha bisibisi.

Anwani yako nimepewa na Edah. Ameniambia umeandika mara tatu na mama yake hajibu. Mama hajui kwamba nakuandikia. Kama ni kosa, kosa ni langu.

Nataka ujue mambo ya jana. Kamati ilikutana katika ukumbi wa kanisa, saa nane mchana. Bibi Prosser, mchungaji, wazazi wawili, na dada Magdalene ametoka kazini na sare yake. Mimi niko nyuma na mashine. Kulikuwa na filamu tatu.

Ya kwanza ni mifupa inatembea katika ngome. Bibi Prosser alisema hapana, watoto watakojoa kitandani. Ya pili ni bibi kizee ana jicho la kioo, analitia ndani ya kikombe, halafu mtu mwingine anakuja na kiu. Mchungaji aligeuza uso, akasema hii ni uchafu. Dada Magdalene alisema pia hapana. Mpaka hapo wote walikuwa kitu kimoja.

Ya tatu ni piano.

Mimi sikuangalia filamu, nilimwangalia yeye. Alikaa wima, mikono juu ya magoti, mpaka mwisho. Taa zikawashwa. Bibi Prosser alikuwa bado anacheka. Akasema, "Nadhani tumeipata. Hii ndiyo laini kuliko zote. Haina damu hata tone moja."

Dada Magdalene akauliza, "Edah atakaa wapi?"

"Mbele kabisa, mpenzi," Bibi Prosser akasema. "Yeye ndiye aliyeipenda zaidi mwaka jana. Si alishinda?"

Bwana Bethuel, sikudhani huyu mama ni mbaya. Alileta biskuti, alinipa mimi kwanza. Alisema vile kwa sababu aliamini. Mke wako alitia mkono mfukoni. Nilijua alikuwa na maneno mengi, alikuwa ameyaandika kwenye karatasi, nilimwona akiyasoma kabla hatujaanza. Karatasi haikutoka mfukoni. Alichukua koti. Alipopita karibu na mashine aliniambia kwa Kiswahili, na hakuna mwingine aliyeelewa: "Kewal, mimi nilicheka. Kule Kisumu nilicheka." Akatoka.

Basi nikautoa mkanda ule kwenye mashine, nikautia katika kopo lake, nikafunga. Niliwaambia nitawaendeshea filamu yoyote wanayotaka, lakini hii hapana. Bibi Prosser akasema, "Ni mzaha tu, Kewal." Nikamwambia, "Mama, hii nimeiendesha zaidi ya mara arobaini, naijua. Tafuteni mtu mwingine wa mashine." Mtu mwingine hakuna. Mchungaji alikohoa muda mrefu, halafu akasema nilete ya nne, nichague mimi.

Sasa nikuambie langu. Kule Kisumu nilisikia mnavyocheka huko mbele kwenye viti vya bei rahisi, na mimi nikacheka huku juu. Nilicheka vizuri kwa sababu ndani ya filamu ile hakukuwa na kalasinga. Hapa kiwandani kuna mtu ananibwekea kila nikipita na kilemba changu. Si mtu mkali. Anabweka, wenzake wanacheka, wanarudi kazini. Kicheko chao nakijua, nilikisikia miaka kumi na moja.

Mwandikie mke wako, lakini usimwandikie kuhusu mzaha.

Kewal Singh


Kakamega
20 Oktoba 1974

Magdalene,

Nimeandikiwa na Kewal. Usimkasirikie.

Nakuungamia jambo. Ile filamu ninayo. Si yote, ni kipande cha dakika kumi na mbili, kuanzia chifu anapotokea mpaka moto. Iko ndani ya gari tangu niajiriwe. Tunaianza hiyo ili watu wakusanyike, kisha tunaweka ya majosho. Ulipoandika Januari niliitoa picha ya Edah pale juu ya kioo, nikaikunja ndani ya Biblia, na jioni ile ile nikaonyesha kipande hicho Mumias. Nimehesabu kwenye daftari la safari: tangu barua yako mpaka ya Kewal nimekionyesha mara ishirini na sita. Nilipokuandikia kwamba ni mchezo tu, kopo lilikuwa chini ya kiti changu.

Siku kumi zilizopita, Malava, nilifanya nilichokushauri wewe ufanye. Nilimwachia dereva mashine, nikaenda kukaa pembeni, nikawaangalia watu badala ya kitambaa. Kulikuwa na msichana wa umri wa Edah, amekaa miguuni pa baba yake. Chifu alipotokea hakucheka. Aligeuka, akamtazama baba yake usoni, kama mtu anayeuliza njia. Baba alikuwa anacheka. Basi naye akageuka mbele, akacheka. Hayo tu. Sikuona kingine, lakini nilisikia mate machungu mdomoni, ikabidi niende nyuma ya gari. Mkanda wenyewe umezeeka, unanuka siki, na miaka yote hii harufu hiyo sikuijali. Sasa iko kwenye shati langu na haitoki.

Nimemwambia mkubwa wangu sitaionyesha tena. Akaniuliza watu watakuja kufuata nini, majosho? Jumanne tulikwenda Butere bila kipande kile. Walikuja watu kumi na saba. Mwezi uliopita walikuwa mia tatu. Nimepewa barua ya onyo, na nikipata ya pili nitatolewa garini, nirudishwe stoo. Sikuambii hivi ili unihurumie. Ningekusikia wewe tangu Januari, ingekuwa nafuu.

Gauni la njano nililikumbuka kwa mapenzi. Sikujua kwamba nakurudishia uchafu.

Bethuel


Lozells
5 Novemba 1974

Baba Edah,

Hapa nje wanapiga fataki za sikukuu yao na madirisha yanatetemeka, kwa hiyo usishangae mwandiko.

Sikukuandikia kwa sababu kila nilipokamata kalamu nilijisikia nikicheka Kisumu. Ningeweza kumchukia Bi. Prosser kwa raha kama usingenikumbusha. Ulinikumbusha, na tangu Machi nimekuwa nikijinusa kama nguo iliyolowekwa ikasahauliwa. Nilidhani nikifika kwenye ile kamati maneno yatakuja. Aliposema Edah alishinda, niliona kwamba hata mimi sina hakika mtoto wangu aliona nini, na nitawaambiaje watu kwamba ameumizwa na kitu anachokumbuka kwa furaha. Nikatoka. Kewal akasema kwa mikono yake nilichoshindwa kusema kwa mdomo.

Filamu aliyoileta siku ya sherehe inahusu jengo la zamani la kinu cha kusagia nafaka. Watoto watatu wanaingia kujikinga mvua, juu kunasikika vishindo, ngazi inalia, mlango unafunguka wenyewe. Milango na sauti, kama ulivyosema. Mwishoni inaonekana ni bundi na makinda yake, na mzee mwenye kinu anawapa watoto maziwa ya moto. Ukumbi mzima ukashusha pumzi. Mimi peke yangu ndiye niliyefumba macho. Kwao bundi ndiye anayemaliza hofu. Nilimwambia Kewal, akacheka mpaka akakaa chini, kwa sababu na kwao bundi hatakiwi.

Nilikaa pembeni nikawaangalia watoto. Walishikana mikono, walipiga kelele mahali pa kupiga kelele. Edah alikuja na sweta yake ya shule tu, hakutaka kuvaa kitu. Hakushikana mkono na mtu. Aliangalia filamu yote bila kupepesa, na mara mbili aligeuka nyuma haraka, si kuangalia mashine, kuangalia nyuso za wenzake.

Hilo la kugeuka halikunitoka kichwani. Jana Jumatatu niliomba ruhusa, nikaenda shuleni kumwona mwalimu wake wa mwaka jana, Bi. Lyle, peke yake bila kamati. Edah nilimwambia angoje kwenye korido. Safari hii sikuandika karatasi. Nilimwambia Bi. Lyle kwamba filamu ile ilikuwa inamtukana mtoto wangu, na kumvika yale mavazi kulikuwa kumtukana mara ya pili, na kwamba mimi nilikosea kusema asante.

Alibadilika rangi. Si mtu mkorofi, aliniletea kiti. Lakini alisema, "Bi. Magdalene, sikumlazimisha. Niliuliza nani anataka kuwa mla watu, na Edah ndiye aliyeinua mkono wa kwanza. Aliinua kabla sijamaliza kuuliza."

Mlango ukafunguka. Edah alikuwa amesimama pale na mkoba wake mgongoni. Sijui alikuwa amesikia tangu wapi.

"Niliinua kwa sababu mlikuwa mmeshageuka kuniangalia," akasema. "Wote. Tangu filamu ilipokuwa inaendelea. Na wewe, Miss."

Bi. Lyle akasema polepole, "Lakini ulikuwa unafurahi, Edah."

"Ukiinua mkono mwenyewe wanakupigia makofi," Edah akasema. "Wakikuchagua wanakucheka tu."

Baba Edah, ana miaka tisa. Alikuwa na minane alipolipanga hilo kichwani, peke yake, katika muda wa filamu moja. Na akaja nyumbani akaniuliza aiweke wapi zawadi, akaingoja picha itoke, akaitia kwenye bahasha yako, mwaka mzima hakuna aliyejua, na mimi ninayelala naye chumba kimoja nilidhani anajivunia. Nilimtazama pale mlangoni, nikasikia kichefuchefu kile kile cha mwaka jana, ila safari hii sikujua nimtapikie nani.

Bi. Lyle alikwenda mezani. Alichukua kifutio, akaanza kufuta ubao uliokuwa tayari safi. Halafu akaacha, akaja mpaka mlangoni, akainama, akamwambia, "Niligeuka, ni kweli. Samahani." Edah akasema sawa, kwa namna watoto wanavyosema sawa wakitaka watu wazima wamalize. Kopo lile litarudishwa maktaba ya filamu na barua ya shule kwamba lisiletwe tena. Bi. Lyle ataiandika yeye, nami nitaisoma kabla haijatumwa. Bi. Prosser ameshaambiwa. Sikumwona, lakini asubuhi hii nimekuta pakiti ya biskuti mlangoni, haina jina. Nimempelekea Kewal. Mimi haziingii kooni.

Tulipotoka shuleni nilimnunulia chipsi, tukawa tunatembea. Nilimuuliza kama aliogopa kusema mbele ya mwalimu. Alisema aliogopa kuliko filamu yoyote. Nilitaka kumwambia nilivyocheka Kisumu. Nimeanza mara mbili, nikaacha. Nitamwambia, lakini nataka uwepo, hata kama ni kwa barua. Mwandikie na wewe habari za kopo lako. Ni bora ajue kutoka kwetu wote wawili kuliko akue akidhani ni yeye tu.

Onyo lako nimelisoma. Wakikurudisha stoo, nenda stoo. Mshahara wangu utatosha mpaka tujue.

Chipsi zilinishinda, nikampa na zangu. Alizila zote, akatupa karatasi kwenye pipa, akaniuliza kama mwaka ujao anaweza kuchagua filamu yeye. Nikamuuliza atachagua ya namna gani. Alifikiri mpaka tukafika kwenye kona yetu. Akasema ya kutisha kweli, inayowatisha wote sawasawa.

Mkeo,
Magdalene